Majina ya Namba katika Kiingereza: Historia Yake na Mwanafunzi wa Kongo

Mwanafunzi wa Kongo anapoanza kujifunza Kiingereza huwa amekwisha kuhesabu kwa lugha mbili au tatu. Nyumbani amehesabu kwa Kiswahili, ambamo kila herufi iliyoandikwa hutamkwa. Shuleni amehesabu kwa Kifaransa kilicholetwa na Wabelgiji, akasema "septante" na "nonante" pale ambapo Mfaransa wa Paris husema sitini na kumi, na ishirini nne na kumi. Halafu hukutana na "one", "two" na "eight". Katika neno la kwanza husikika sauti ya w isiyoandikwa. Katika la pili imeandikwa w isiyosikika. Katika la tatu zimo g na h zisizo na kazi yoyote kinywani. Walimu wengi humwambia akariri tu. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa kila moja ya kasoro hizo ina historia yake, na historia hiyo yajulikana.

Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla Wanormandi hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, mojawapo ya maumbo ya namba 2 lilikuwa "twa", na w yake ilitamkwa wazi. Baadaye irabu a ikasogea nyuma ya kinywa, ikawa o na hatimaye u. Sauti ya w nayo hutamkwa kwa midomo iliyoviringana. Kwa hiyo ikamezwa na irabu jirani yake. Penye irabu ya namna nyingine imebaki hai, kama katika "twelve", "twenty" na "twin", yaani pacha. Mwanafunzi anayeyaweka maneno haya pamoja hatasahau tena w ya "two".

Namba 8 iliitwa "eahta", na h yake ilikwaruza kooni kama kh ya Waarabu. Baada ya ushindi wa Wanormandi waandishi walizoea kuiandika sauti hiyo kwa gh. Sauti ilikufa katika Kiingereza cha kusini, herufi zikabaki kama kaburi lake. Mjerumani angali akiitamka katika "acht". Habari ya namba 1 ni ya ajabu zaidi. Umbo la kale lilikuwa "an", likawa "on" lenye irabu ndefu, na sauti hiyo ingali inasikika katika "only" na "alone". Lakini watu wa magharibi ya Uingereza walitanguliza w. William Tyndale, mzaliwa wa upande wa Gloucester, aliandika "won" katika tafsiri yake ya Agano Jipya ya mwaka 1526. Lahaja ya magharibi ilishinda kinywani, ikashindwa katika maandishi.

Desturi ni kuilaumu mashine ya kupiga chapa, ambayo William Caxton aliileta Westminster mwaka 1476, kwamba ilifunga tahajia wakati matamshi yalikuwa bado safarini. Lawama hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Neno "forty" liliandikwa sana kwa u, kama "four", hadi karne ya 17. U ikaondoka wakati vitabu vimekwisha kuenea, huku "fourteen" likiendelea kuishika. Hakuna baraza lililoamua hivyo, maana Uingereza haikupata kuwa na chombo kama Akademia ya Ufaransa ya mwaka 1635.

Majina mengine yanaonyesha jinsi watu walivyohesabu. "Eleven" asili yake ni "moja imebaki", na "twelve" ni "mbili zimebaki", yaani baada ya kumaliza kumi. "Score", lenye maana ya ishirini, lilikuwa alama iliyokatwa kwenye kijiti cha hesabu. Hazina ya Uingereza ilitumia vijiti hivyo hadi mwaka 1826. Vilipochomwa mwaka 1834, moto ukaliteketeza jengo la Bunge. Wazee wa Kiingereza walisema pia "nne na ishirini" kwa 24, kama Wajerumani na Waarabu wasemavyo hata leo. Kiswahili kiliazima "ishirini" kwa Waarabu bila kuazima mpangilio huo.

Hata maana ya namba haikuwa imara. "Hundred" kwa bidhaa kadhaa ilikuwa 120, na uzito wa Kiingereza unaobeba jina hilo ni ratili 112. Tabibu Robert Recorde, aliyechapisha kitabu chake cha hesabu mwaka 1543, alikiandika kwa Kiingereza badala ya Kilatini, kama mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi wake, akafundisha kalamu na tarakimu pamoja na vihesabio vya mezani.

Hatari kubwa kwa msomaji wa Kongo, hata hivyo, haimo katika herufi zilizokufa. Imo katika neno analodhani analijua. Nicolas Chuquet, Mfaransa, aliandika mwaka 1484 kwamba "byllion" ni milioni mara milioni. Waingereza waliliazima neno kwa maana hiyo. Baadaye Wafaransa wenyewe wakalitumia kwa milioni 1000, Wamarekani wakawafuata. Kisha Ufaransa ikarudi kwenye maana ya kwanza, na amri ya serikali ya mwaka 1961 ikaithibitisha. Uingereza ikaelekea upande wa pili: mnamo Desemba 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilijulisha Bunge kwamba mawaziri wake watalitumia kwa maana ya Kimarekani. Nchi hizo mbili zilibadilishana nafasi.

Alama nazo hudanganya. Kwa Mwingereza 3,000 ni elfu tatu. Kwa aliyefundishwa kwa Kifaransa, mkato huo hutenga sehemu ya desimali, na namba yenyewe ni tatu tu.

Katika nchi iliyoona noti ya Zaire milioni 5 ikikataliwa na wachuuzi, na wanajeshi waliolipwa kwa noti hiyo wakiasi mjini Kinshasa Januari 1993, kisha milioni 3 za Zaire zikageuzwa kuwa Zaire mpya moja mwaka huohuo, kupotea kwa sifuri tatu si jambo la darasani pekee. Kiswahili chenyewe kimegawanyika hapa. "Bilioni" ya Dar es Salaam na Nairobi imetoka kwa Waingereza, nayo ni milioni 1000. Lubumbashi kiasi hichohicho ni "miliari". Anayefasiri habari za madeni au za shaba kutoka Kiingereza kwa ajili ya wasomaji wa Kongo hana budi kuandika "miliari", hata kama kamusi ya pwani iliyo mezani pake inampa "bilioni".