Diski Ipo, Mzizi Haupatikani

Umemaliza kusakinisha Linux, umewasha upya kompyuta, halafu skrini nyeusi inakwambia kerneli imeshindwa kupachika mfumo wa faili wa mzizi. Kabla hujafuta diski yote, subiri kidogo. Mara nyingi mafaili yako yapo. Kilichopotea ni anwani tu.

Anwani hizi zina historia. Mwaka 1983 IBM ilitoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na PC DOS 2.0. Sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, ilibidi ibebe programu ndogo ya kuwashia na jedwali la kugawa diski. Jedwali lilikuwa na nafasi nne. Nne tu! Kwa megabaiti 10, nani angelalamika?

Linux ilipokuja, diski za IDE ziliitwa hda, hdb na kuendelea, kufuatana na mahali waya ulipochomekwa. Watu wakayaandika majina hayo kwenye faili la fstab na kuyasahau. Kisha, kufikia mwaka 2007 hivi, draiva mpya zikashika kazi, na diski zilezile zikaanza kuitwa sda. Hakuna aliyegusa skrubu hata moja, lakini mtu akisasisha kerneli anaambiwa hda1 haipo. Tena majina ya sd hufuata diski ipi imeonekana kwanza. Chomeka flashi, na sda ya jana yaweza kuwa sdb leo.

Ndiyo maana siku hizi tunatumia UUID, namba ya biti 128 iliyoandikwa ndani ya mfumo wa faili wenyewe. Waya uhamishe utakavyo, namba haibadiliki. Ila ukifomati, inazaliwa nyingine, na fstab ya zamani inabaki kumtafuta marehemu.

Kuna fumbo jingine: draiva ya kusomea diski inakaa kwenye diski hiyohiyo. Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba! Jibu lake ni initramfs, kifurushi kidogo kinachopakiwa kwenye RAM kabla ya mzizi, kikiwa na draiva zinazohitajika.

Basi washa kwa flashi ya Linux, andika blkid, ulinganishe UUID unayoiona na ile iliyo kwenye fstab, na pia kwenye mstari wa root= wa GRUB. Zikitofautiana, sahihisha. Zikilingana, shuku initramfs: ingia kwenye mfumo wako kwa chroot, uijenge upya.