Barabara Moja, Sheria Mbili: Fidia ya Ardhi Busia na Malaba

Malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda hupanga foleni ya kilomita kadhaa pale Malaba, na Busia nako mambo ni yale yale. Kila foleni inaporefuka, mpango wa kupanua barabara huzuka upya, na kila mpango huishia kwenye shamba la mtu. Mwenye shamba akisita kuamini ahadi ya fidia, si ukaidi. Eneo hili limekwisha kuahidiwa mengi.

Hadi Machi 1902 Busia yote ilikuwa Uganda. Aprili 1 mwaka huo Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, huku Wateso na Wasamia wakibaki pande zote mbili za mpaka. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1915 iliiweka ardhi ya Waafrika mikononi mwa Taji, na mwaka 1921 mahakama ikatamka kwamba wakazi wake ni wapangaji tu, wanaokaa kwa hiari ya Mfalme.

Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilijaribu kutuliza hofu. Sheria mpya iliahidi kwamba kipande kikitwaliwa katika hifadhi ya Waafrika kwa kazi ya umma, kitafidiwa kwa kipande kingine cha thamani ileile, na baraza la wenyeji litashauriwa kwanza. Ahadi hiyo ilidumu miaka miwili. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, katika wilaya ya Kavirondo Kaskazini iliyojumuisha pia sehemu za Busia ya leo, sheria ilirekebishwa Desemba 1932. Fidia ya ardhi kwa ardhi ikaondolewa, fedha zikachukua nafasi yake, na baraza halikuulizwa tena. Hasira za wakati ule zilichangia kuzaliwa kwa North Kavirondo Central Association, chama kilichoyabeba malalamiko ya ardhi kwa miaka mingi.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1968 ilimpa mwenye hatimiliki bei ya soko pamoja na asilimia 15 ya usumbufu. Kwenye karatasi ilionekana haki. Lakini upimaji na usajili wa mashamba uliandika jina la mtu mmoja, mara nyingi babu aliyekwisha kufariki, huku wana na wajukuu wakigawana vipande kwa mdomo. Hundi ya fidia inapotajwa, familia hujikuta mahakamani kufungua kesi ya mirathi kwanza.

Katiba ya 2010 ilikaza masharti. Kifungu cha 40 kinadai fidia ya haki, ilipwe kamili na bila kuchelewa, na kinaruhusu kulipwa hata anayekaa kwa nia njema bila hati. Hata hivyo, hakimlindi aliyeipata ardhi kinyume cha sheria, na hapo ndipo hifadhi ya barabara inapoleta ugomvi kati ya serikali na wenye vibanda na maduka ya kando ya njia.

Swali kubwa likabaki: kulipwa lini? Ng'ambo ya mpaka, Mahakama ya Juu ya Uganda ilijibu mwaka 2015. Katika kesi iliyotokana na barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, iliamua kwamba serikali haiwezi kuingia katika ardhi ya mtu kabla ya kumlipa. Serikali ilipojaribu mwaka 2017 kubadili katiba ili iweke fedha mahakamani na kuendelea na ujenzi, upinzani ulikuwa mkali, na mswada huo haukuwahi kuwa sheria.

Kenya ilishika njia nyingine. Marekebisho ya 2019 ya sheria ya thamani ya ardhi yalieleza kwamba malipo "bila kuchelewa" yanaweza kufanywa hadi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Yaliunda pia baraza maalumu la kusikiliza mashauri ya utwaaji, na rufaa yake huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kwa hiyo mkulima wa Busia ya Uganda anaweza kudai fedha zake kabla tingatinga halijaingia shambani, ilhali jirani yake wa Busia ya Kenya anaweza kuambiwa angoje. Wabunge wa Kenya ndio waliouweka mwaka huo mmoja katika sheria, na ni wao wanaopaswa kuuondoa.