Bokoboko na Mikono Iliyolisonga

Kipupwe kimeingia, na huku Mbagala alfajiri hutoki uani bila kujitanda khanga. Ndio msimu wa bokoboko, ile supu nzito ya ngano na nyama. Juzi bi harusi aliyekuja kupima gauni aliniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, mama mkwe akijua nalipika kwenye sufuria la umeme la kupika polepole, si atasema sijui kupika?" Nikaweka tepu mezani, tukazungumza.

Bokoboko si la jana. Waarabu huliita harisa au harees, jina linalotokana na kuponda. Limo kwenye kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, kilichoandikwa Baghdad karne ya 10. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia kwamba kule Kazarun, Uajemi, kila mgeni wa zawiya alikaribishwa kwa harisa ya nyama, ngano na samli. Hata UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2023, kwa maombi ya Oman, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu.

Kwetu pwani ngano haistawi, ililetwa na majahazi. Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, mapishi ya Oman yalizidi kushika mizizi, na mwanawe Majid ndiye aliyeanzisha mji huu wetu wa Dar es Salaam miaka ya 1860.

Sasa tuulizane, nani alikuwa akisonga? Tunapenda kusema "mapishi ya mabibi zetu wa kasri," tunapita haraka. Bokoboko linataka moto mdogo usiku kucha na mtu wa kulitazama lisishike chini. Kwenye nyumba za matajiri wa Unguja mtu huyo alikuwa mtumwa, mara nyingi mwanamke aliyeletwa kutoka bara. Soko la watumwa lilifungwa 1873, utumwa ukapigwa marufuku Unguja 1897, lakini sheria hiyo iliwaacha masuria mpaka 1909. Majina ya wapishi hao hayakuandikwa. Ladha tunayojivunia ilipita mikononi mwao. Mimi sioni fahari ya kukesha kwa kukesha tu, wakati waliokesha zamani wengi wao hawakuulizwa kama wanataka.

Na hilo sufuria la umeme lenyewe limetoka kwa wanawake wa dini. Irving Naxon, Myahudi wa Marekani, alipata hataza yake mwaka 1940. Mama yake alikuwa akimsimulia jinsi kule Vilna, Lithuania, chungu cha nyama na maharage kilivyopelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate Ijumaa kabla ya magharibi, kwa sababu Sabato hawawashi moto. Kilichukuliwa kesho yake kikiwa kimeiva. Mwaka 1971 likaanza kuuzwa kwa jina la Crock-Pot.

Kwa hiyo bi harusi wangu nilimwelekeza hivi. Loweka vikombe 2 vya ngano iliyokobolewa tangu jioni. Baada ya isha itie kwenye sufuria na nyama ya mfupa, tangawizi, kitunguu saumu, kijiti cha mdalasini na maji yazidi kabisa, chumvi kidogo. Weka moto wa chini, saa 8. Angalia Luku kwanza! Alfajiri toa mifupa na mdalasini, kisha ponda kwa mwiko mpaka livutike. Hapo hakuna mashine ya kukusaidia, mkono utauma kidogo. Juu mwagia samli ya moto na vitunguu vya kukaanga.

Jana kanitumia picha. Mama mkwe kaomba bakuli la pili, na sufuria lilikuwa pale pale mezani, hakulificha.