Lehemu Mpakani: Historia Fupi ya Kipimo cha Mafuta ya Damu na Istilahi Zake

Makala hii inaitazama historia ya kipimo cha mafuta ya damu katika Afrika Mashariki kutoka Grande Barrière, kizuizi cha mpaka kati ya Gisenyi (Rubavu) na Goma. Hoja yake ni kwamba sayansi ya kipimo hicho imepiga hatua ndefu, ilhali istilahi zake zimebaki nyuma, na anayelipia pengo hilo ni mgonjwa.

Mwaka 1913, Nikolai Anitschkow wa St. Petersburg alionyesha kuwa sungura waliolishwa kolesteroli walipata utando wa mafuta ndani ya kuta za ateri. Utafiti wa Framingham, Marekani, ulioanza 1948, ulihusisha kolesteroli nyingi katika damu na maradhi ya moyo. Kanda yetu haikukaa pembeni. Mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha matokeo kutoka Uganda: Waafrika walikuwa na kolesteroli ya chini na maradhi ya ateri za moyo yalikuwa nadra kwao, ilhali Waasia walioishi nao walikuwa na kiwango cha juu na waliugua zaidi. Kisha George Mann aliwachunguza Wamaasai, walaji wakubwa wa maziwa na nyama, akakuta kolesteroli yao iko chini. Uchunguzi wa maiti za wanaume 50 uliochapishwa 1972 ulionyesha kuwa ateri zao hazikukosa mafuta, bali zilikuwa zimepanuka kiasi cha kuacha njia ya damu. Fundisho ni kwamba kipimo cha damu ni kiashiria cha hatari, si hukumu.

Je, fundisho hilo linasemwaje kwa Kiswahili? Maandishi ya afya ya Tanzania hutumia lehemu, neno ambalo kwa fundi bati ni madini ya kuungia. Sitiari hiyo inafaa kwa kolesteroli inayonata ukutani mwa ateri, lakini inayumba tunaposema “lehemu nzuri”, kwa kuwa aina hiyo husaidia kuiondoa kolesteroli na kuirudisha kwenye ini. Neno mafuta nalo humfanya msikilizaji afikirie mawese na nyama pekee, ingawa sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na mwili wenyewe. Mshipa ni tatizo zaidi: ni wa damu, ni wa neva, na kwa wengine ni ngiri.

Mpakani matatizo haya huongezeka. Mpaka huu uliwekewa misingi na makubaliano ya Brussels ya 1910, wakati utawala wa Wajerumani nchini Rwanda ulikuwa ukitumia Kiswahili katika shughuli zake. Leo mkazi wa Gisenyi husikia ibinure kwa Kinyarwanda, na jirani yake wa Goma huambiwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha Kongo. Hata tarakimu hutofautiana: 200 kwa miligramu katika desilita ni takriban 5.2 kwa milimoli katika lita. Mgonjwa aliyevuka na karatasi yenye 200, kisha akapewa nyingine yenye 5.2, anaweza kudhani amepona na kuacha dawa.

Bunge la Rwanda lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Fursa ipo. Tunapendekeza mambo matatu kwa wizara za afya na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki: karatasi za majibu zionyeshe vizio vyote viwili, ateri itumike badala ya mshipa pale inapokusudiwa, na istilahi zijaribiwe kwa wagonjwa wa pande zote mbili kabla ya kusanifishwa. Istilahi isiyoeleweka kizuizini haijamaliza safari yake, hata kama imeshaingia kamusini.