Dinesen si Dainesen, na mimi si Odayambo

Wasee, mwaka jana nilipata kakibarua ka kusoma maandishi kwa sauti. Mteja yuko ng'ambo, maandishi ni ya Kiingereza, na yanamhusu Karen Blixen, yule mama wa shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong. Nikajifungia chumbani hapa Kisian, blanketi juu ya kichwa, maana malori ya kwenda Busia hayajui kunyamaza. Nikarekodi, nikatuma.

Mteja akarudisha. Eti nimesema "Dainesen". Nikarudia, akarudisha tena. Mara ya tatu akanitumia sauti yake mwenyewe nisikize: Dii-ne-sen, ile i unaivuta. Sawa, bosi. Nikapatia. Akanishukuru sana, na kwa heshima zote akaniita "Mista Odayambo".

Manze, nilicheka. Halafu ikaniuma. Nikaanza kuchimba hilo jina lililonitoa jasho.

Kwanza, Blixen lenyewe si la kwao. Karen alizaliwa Denmark mwaka 1885 akiwa Dinesen. Blixen ni la mumewe Bror, baroni wa Uswidi aliyeolewa naye hapo Mombasa Januari 1914. Ndoa ikavunjika 1925, jina akabaki nalo. Shamba nalo likafilisika, akarudi kwao 1931. Kitabu chake cha kwanza cha maana kilipotoka Marekani mwaka 1934, akatumia jina la kiume: Isak Dinesen. Isak ni Isaka, "anacheka". Basi msomaji wa Kiingereza akiona "dine" pale mwanzoni anafikiria chakula cha jioni, anasoma "Dainesen". Kosa langu lilikuwa na ukoo mrefu.

Sasa maana. Ile "sen" ya mwisho ni "mwana wa". Dinesen ni mwana wa Dines, na Dines ni Dionysius aliyefupishwa na midomo ya Wadenmark. Zamani kule jina lilibadilika kila kizazi. Jens akizaa Niels, huyo ni Niels Jensen. Niels akizaa Hans, huyo ni Hans Nielsen. Msichana alikuwa "datter", binti wa fulani. Halafu mwaka 1828 serikali ikaagiza watoto wabatizwe na jina la ukoo lisilobadilika. Vijijini walikaidi miaka mingi, lakini mwishowe majina yakaganda. Ndiyo maana Denmark imejaa Nielsen, Jensen na Hansen ambao baba zao si Niels, si Jens, si Hans. Baba yake Karen aliitwa Wilhelm. Yeye mwenyewe, mwanamke, akabeba jina linalosema "mwana wa kiume wa Dines", na huyo Dines alishakufa zamani.

Mjaluo akisoma hapo anajua tunakoelekea. Si sisi pia ni wuod fulani, nyar fulani? Jina lako mwenyewe linasema ulikujaje duniani: Okoth alikuja na mvua, Otieno usiku, Opiyo ni pacha wa kwanza. La pili ni la baba. Mimi ni Okinyi, nilizaliwa asubuhi. Odhiambo ni baba yangu, yeye ndiye wa jioni. Kwa hiyo kila ofisi ninayoingia, mtu wa asubuhi anaitwa jioni. Na dada yangu, ambaye kama angezaliwa saa hizo angekuwa Adhiambo kwa A, kwenye kitambulisho anabeba Odhiambo ya kiume, vile tu Karen alibeba "sen".

Jina letu maarufu kuliko yote lilipita njia hiyo hiyo. Obama alimzaa Onyango, Onyango akamzaa Barack, Barack akaenda kusoma Marekani. Kule jina likaganda, na rais wa 44 akaapishwa kwa jina la baba ya babu yake.

Kuhusu dh yetu, weka ulimi kwenye meno, karibu na ile ya dhahabu. O-dhia-mbo. Mtu aliyenirudisha mara tatu kwa sababu ya i moja hawezi kuniambia hiyo ni ngumu. Sikumrekebisha, lakini. Pesa ilikuwa bado haijaingia.

Naandika haya kwa sababu mwezi ujao nakuwa baba. Mzee wangu anataka mtoto aandikwe Odhiambo. Hoja zake si mbaya: shuleni na uwanja wa ndege watataka jina la mtoto lifanane na langu. Lakini najua kuna ingine hasemi, anataka kusikia jina lake likiitwa akiwa hayuko.

Jumapili nikamuuliza, "Baba, wewe ni Odhiambo Ogutu. Mbona mimi hukunipa Ogutu?"

Akakoroga chai muda mrefu. Akasema, "Ogutu hakukuzaa wewe."

Basi. Kwenye daftari langu nimeandika jina la mtoto, halafu Okinyi, kwa penseli. Mzee bado hajaliona.