Dungu la Rufiji

Wengi wetu twalijua dungu kuwa ni kitanda kilichoinuliwa juu ya nguzo shambani, apandapo mkulima kuamia ndege. Katika bonde la Mto Rufiji, hata hivyo, dungu lilikuwa nyumba hasa. Mpunga ulipokaribia kukomaa, jamaa nzima ilihamia huko, ikapika, ikalala na kulea watoto juu ya nguzo, hali simba na viboko wakipita chini. Mwenyeji hakumjengea mnyama ukuta; alimwachia ardhi wakati wa usiku, naye akashika juu.

Mapatano hayo yalivurugwa na mengi. Mwaka 1896 utawala wa Kijerumani ulitenga kando ya Rufiji mojawapo ya hifadhi za kwanza za wanyama nchini, na sheria za uwindaji zikambana mwananchi kuliko mgeni mwenye leseni. Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyofuata, vilirudisha mashamba mengi ya kusini kuwa pori. Kisha mafuriko ya mwaka 1968 yakaleta Operesheni Rufiji, watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa penye mwinuko. Nia ilikuwa njema. Lakini rutuba ilibaki bondeni, na mkulima akazidi kulitegemea dungu.

Adui wake mkubwa huko si simba, bali nguruwe mwitu. Huyu hula mazao usiku, wala hawindwi sana kwa kitoweo, maana wakazi wengi ni Waislamu. Simba humfuata nguruwe, naye akifika shambani humkuta binadamu amelala. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 560, na kwamba mashambulio yalizidi majira ya mavuno na penye nguruwe wengi. Basi anayetaka amani na simba na aanze kwa kumzuia nguruwe!

Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2011, ulitaja saa zenyewe. Usiku wa mbalamwezi simba hupata windo kwa shida, kwani huonekana; hivyo siku zifuatazo mwezi mpevu huwa na njaa. Nyakati hizo mwezi huchelewa kuchomoza, na giza la saa moja hadi saa nne za usiku huwakuta watu bado njiani, au wakipika chini ya dungu kabla ya kupanda.