Tiba ya Ubongo na Vidonge vya Kwenye Droo

Huku kwetu Mji wa Kale, mgonjwa wa akili huwa ameshapita mikono mingi kabla hajafikishwa Port Reitz au kupelekwa Mathari, Nairobi. Kashasomewa, kashanywa kombe, na kwenye droo ya mama pana Valium iliyonunuliwa bila cheti cha daktari. Mimi sina ugomvi na kisomo. Ugomvi wangu ni na hiyo droo, hasa mgonjwa anapoandikiwa tiba ya kusisimua ubongo.

Tiba ya umeme ilianza Roma mwaka 1938. Siku hizi mgonjwa hutiwa nusukaputi, kisha umeme hupitishwa kichwani kwa sekunde chache mpaka ubongo upate kifafa kifupi. Kifafa hicho ndicho tiba yenyewe. Sasa Valium na jamaa zake huzuia kifafa, na vivyo hivyo kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo hata wagonjwa wa akili hupewa. Aliyemeza hizo, kifafa huwa kigumu kuja au huja hafifu. Daktari ataongeza umeme, na umeme ukizidi, kumbukumbu nayo huzidi kuvurugika.

Ya pili ni tiba ya sumaku, ambayo Marekani iliiruhusu kwa dipresheni mwaka 2008. Mgonjwa hukaa kitini yuko macho, aghalabu siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6. Hapa kifafa hakitakiwi kabisa. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kutazama kidole kikishtuka. Dawa zikibadilishwa katikati, inafaa kupima upya. Tafiti kadhaa zimeona wanaotumia jamii ya Valium hupata nafuu ndogo zaidi. Huenda ni kidonge, huenda pia wanaokimeza ndio waliozidiwa na wasiwasi. Mimi naona sababu zote mbili zina uzito. Klozapini na bupropioni zina shida ya kinyume: huusogeza ubongo karibu na kifafa.

Na miraa je? Anayetafuna muguka mpaka alfajiri hukosa usingizi, na kukosa usingizi huongeza hatari ya kifafa chini ya sumaku. Akimeza Valium apate kulala, kipimo kimevurugika pande zote mbili.

Lakini jamani, msimnyang'anye mgonjwa vidonge usiku wa kuamkia tiba. Aliyeizoea Valium akiiacha ghafla anaweza kuanguka kifafa nyumbani. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Siku ya kwanza chukueni pakiti zote, na chupa ya mitishamba pia, mkazimwage mezani kwake.